Viti Viwili vya Kwenye Kalenda

Kwenye duka la dobi, ukutani juu ya meza ya pasi, ilining'inia kalenda iliyokwisha muda wake zamani. Mwaka wake ulishasahaulika, kona zake zimejikunja kwa joto, na mwenye duka alishajaribu kuitoa zaidi ya mara moja. Kila akinyoosha mkono, mpiga pasi wake alisema, bila kuinua macho kwenye kola ya shati:

"Ukiitoa hiyo, bosi, na mimi nitoe."

Bosi akaiacha. Mpiga pasi anayeweza kunyoosha gauni la bibi harusi bila kubabua lesi haokotwi barabarani.

Mpiga pasi huyo watu walimwita Mvuke. Wengine walisema ni kwa sababu ya pasi, wengine kwa sababu ya mdomo wake. Mvuke, kama ujuavyo, hauna kelele; unashtukia tu umeshaungua. Alikuwa mjane aliyevuka hamsini, mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali, na alipiga pasi kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo meza yote ilipangwa kinyumenyume kwa ajili yake: chupa ya maji huku, hanga kule, na waya wa pasi ukipita upande ambao mtu mwingine yeyote angejikwaa.

Na kwenye kalenda kulikuwa na nini? Kisiwa. Mchanga mweupe kama shuka lililotoka kwenye wanga, maji ya rangi ambayo Mvuke aliwahi kuiona mara moja tu, kwenye gauni la hariri la mteja mmoja mwenye maringo, minazi miwili iliyoinama, na chini ya minazi viti viwili vya mbao vikitazama maji. Viti vitupu.

"Hivi waliokuwa wamekaa hapo wamekwenda wapi?" Mvuke alizoea kuuliza.

"Wamekwenda kunywa chai," alijibu shoga yake, mfuaji wa pale dukani, aliyeitwa Sabuni kwa kuwa neno lilikuwa halimkwami mdomoni hata liwe la aibu vipi. "Au mwanamke kamkimbia mwanaume. Wewe chagua."

"Mimi naona bado hawajafika."

Usimcheke. Harusi yake ya kwanza ilikuwa Jumamosi, na Jumapili asubuhi aliamshwa aoshe masufuria ya harusi hiyo hiyo. Hina ya watu wengine inafutika kwa siku. Ya kwake yeye ilifutika kwa masizi. Marehemu hakuwa mtu mbaya, Mungu amlaze pema, lakini neno fungate kwake lilikuwa neno la watu wa redioni. Wakaishi, wakazaa, wakazika, na Mvuke akaendelea kunyoosha magauni ya mabibi harusi wengine, wakimweleza wanakokwenda huku wakijipima kwenye kioo. Naye aliwajibu, "Haya mwanangu, nenda, ukae kitako kwa niaba yetu."

Mpaka lilipopasuka bomba la nyuma ya duka.

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye masharubu ya mvi na begi la spana ambalo hakuwahi kumwachia mtu alibebe. Koki, ndivyo mtaa ulivyomjua. Mkewe aliondoka miaka mingi nyuma, akisema amechoka kuongea peke yake. Siku ile Koki alikuja mikono mitupu, akachungulia bomba, akaligongagonga, akainama, akainuka, akaondoka. Maji yanamwagika!

"Fundi! Unakwenda wapi?" Sabuni alipiga kelele, miguu ndani ya dimbwi.

"Nimeshaona. Narudi na vifaa."

"Si ungekuja navyo?"

"Kazi usiyoipima," alisema Koki kutoka mlangoni, "itakupima wewe."

Ndivyo alivyokuwa. Hata kama ni wosha tu, kile kipete cha mpira, ya bomba la jikoni kwa jirani, atakwenda kwanza kuitazama kama mtu anayekwenda kuposa, kisha ndipo arudi na begi. Alilitengeneza bomba la dobi likapona. Kesho yake akarudi kulikagua. Wiki iliyofuata akarudi kulikagua tena. Bomba limetulia kimya, Koki amelitegea sikio, na macho yako kwenye meza ya pasi.

"Bomba hili sasa lina afya kuliko sisi," Sabuni akamwambia. "Sema unachotaka, baba, tuna kazi."

Koki akasogea mpaka kwenye meza ya pasi. Akatazama pasi, akatazama kalenda, akamtazama Mvuke.

"Nimepima," akasema.

"Umepima nini?"

"Mimi na wewe. Naona inakaa."

Sabuni alilazimika kukaa chini kwenye kapu la nguo chafu. Mvuke hakucheka. Aliisimamisha pasi wima, maana hata moyo ukienda mbio nguo ya mtu haiunguzwi, akainyooshea kalenda kidole.

"Unapaona pale?"

"Napaona."

"Sitaki zulia, sitaki kitanda kipya, sitaki watu wapigiwe tarumbeta. Nataka tukimaliza kuoana, twende mahali kama pale tukae kwenye viti. Mimi na wewe. Asiwepo mtu wa kuniita nikaoshe kitu. Unaweza?"

"Sawa," akasema Koki hapo hapo.

Ile "sawa" ilitoka haraka mno, na mtu wa maneno machache akitoa neno haraka kuna jambo. Lakini mwanamke aliyesubiri miaka yote ile ataanza kuchunguza neno sawa?

Kupanga kukaanza. Jumapili, chumbani kwa Mvuke, kitanda kilijaa nguo kama meza ya mnadani: gauni la maua alilojishonea, kandambili mpya, kofia pana ya majani ambayo Sabuni alimletea akisema jua la kisiwani halijui mtu mzima. Nyumba ya wageni ilishapatikana. Dada wa mteja mmoja aliwahi kufikia pale akaisifia. Harusi Jumamosi, boti Jumatatu asubuhi. Dada yake Mvuke, mkubwa kwake, mtu wa kukunja uso hata akifurahi, alikaa kwenye kigoda akitazama yote yale kama anatazama wizi.

"Fungate na mvi! Watu wa umri wako wanapeleka wajukuu shule."

"Dada, wajukuu wana miguu, watakwenda wenyewe."

"Na hicho kikofia?"

"Ni cha kukuziba wewe usionekane kwa mbali," akadakia Sabuni.

Koki alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai. Mvuke akamgeukia. "Tukifika, asubuhi tutakunywa chai pale pale nje, kwenye maji. Eti?"

"Nyumba ina tangi lake?" Koki akauliza.

"Tangi la nini?"

"La maji. Kisiwani maji ya bomba ni shida."

"Koki, mimi nazungumza mapenzi, wewe unazungumza tangi! Haya, boti inachukua muda gani kuvuka, ulimuuliza yule kijana wa tiketi?"

Koki akatazama ndani ya kikombe. "Nasikia milimani kuna hewa nzuri," akasema taratibu. "Kuna nyumba za wageni nzuri tu. Mtu anafika kwa basi."

"Milimani kuna viti?"

"Viti viko kila mahali."

"Na maji je?"

Koki alikunywa chai iliyokwisha kwisha. Mvuke alimwona. Tangu hapo kila alipoitaja boti Koki aligeuza maneno: mara kuna kazi kubwa ya ghorofani, mara msimu wa upepo, mara miguu inamuuma. Mvuke, aliyekuwa hodari wa kuona mkunjo kwenye kitambaa cheusi, akauona mkunjo huu ila akausoma vibaya. Akajiambia: huyu ananionea haya. Mtaani nitamfaa, nitampikia, nitampigia pasi. Lakini kukaa naye kwenye kiti mbele za watu, na kofia, kama msichana, hilo anaona aibu. Hakumuuliza. Mdomo wote ule, na neno moja la maana likamshinda kulitoa.

Jumatatu ya wiki ya harusi, Koki akatoweka.

Simu yake haipatikani. Chumba chake kina kufuli. Wapangaji wenzake walisema aliondoka alfajiri, begi la spana begani na shati jeupe mkononi, lile la kutoka dobi, likiwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Jumanne hakuna kitu. Dada mtu akaja na uso uliokunjuka kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Nilisema mimi. Mwanaume akiacha nguo, atarudi. Akibeba vyombo vya kazi, ndiyo basi tena. Wapigie watu uwaambie hakuna harusi, kabla hawajaja kukukodolea macho."

"Simpigii mtu yeyote."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri kuwa na uhakika. Kumzika mtu angali hai ni dhambi."

Alisema hivyo kwa mdomo. Lakini Jumatano mchana, akinyoosha shati la mteja, macho yalimpanda kwenye kalenda, yakaenda kwenye vile viti, yakakaa huko. Harufu ndiyo iliyomrudisha. Alipoinua pasi, mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi nzima, ncha na yote. Hajawahi kuunguza nguo ya mtu tangu aanze kazi pale. Bosi alikuja, akatazama shati, akatazama uso wa Mvuke, akaenda zake bila kusema. Hapo ndipo Mvuke alipokunja mikono ya gauni lake, akapanda kwenye kigoda, akaishika kalenda aitoe kwenye msumari.

Simu ya duka ikalia. Sabuni akaipokea kwa mkono wenye povu.

"Dobi hapa... Nani?... Ndiyo, tunaye mpiga pasi." Akaziba simu kwa kiganja, macho yamemtoka. "Mvuke, shuka. Kuna mwanamke anakutaka. Anasema mwanaume wako yuko kwake."

Mvuke alishuka, akaishika simu kama anavyoshika pasi ya moto, kwa ncha za vidole.

"Nakusikiliza."

"Wewe ndiye mwenye fundi bomba mrefu, asiyeongea?" Sauti ya mwanamke mtu mzima, changamfu. "Njoo umchukue mwenzio, mama. Mimi sina ugomvi naye, ananitengenezea mabomba vizuri, lakini kila siku anaaga na kila siku jioni namwona yuko pale pale gatini. Namba ya duka nimeisoma kwenye ule mfuko wa nailoni wa shati lake. Haya, huyu hapa. Sema, baba."

Kulikuwa na upepo kwenye simu. Kisha kukohoa.

"Mvuke."

"Uko wapi wewe?"

"Kisiwani."

"Kisiwani! Kisiwa gani?"

"Chetu. Kile cha Jumatatu ijayo." Akakohoa tena. "Nilikuja kupima," akasema Koki. "Sijawahi kuvuka maji maisha yangu. Nikasema nitangulie kimya kimya, niende nirudi siku hiyo hiyo, nijue inakuwaje, nisije nikakuaibisha mbele za watu siku yako. Kuja nikaja. Nilishika nguzo njia nzima, macho nimefumba. Nilitapika, Mvuke, mpaka simu ikatoka mfukoni ikaenda majini. Sasa kurudi ndiyo nashindwa. Nikifika gatini, magoti yanakataa."

"Mtu mzima! Siku zote unashika maji!"

"Nayashika yakiwa kwenye bomba," akasema Koki, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Yale hayana koki. Ukitaka kuyafunga, unayafungia wapi?"

Mvuke alirudisha simu mahali pake, akasimama akiiangalia. Sabuni, aliyekuwa amebandika sikio karibu kiasi cha kumlowesha shavu, alijitahidi kujizuia, akashindwa.

"Bwana harusi katangulia fungate!" alipasua kicheko, akapiga makofi povu likaruka. "Jamani! Kaenda fungate peke yake!"

Mvuke naye akacheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, akashika meza, akacheka tena. Hakuwa ameonewa haya. Yule mtu alikwenda kujitapisha baharini ili yeye akae kwenye kiti. Akairudisha kalenda vizuri kwenye msumari wake, akaipangusa vumbi kwa mkono.

Dada yake alikuwa na maoni tofauti. "Mwache huko huko. Mwanaume wa kufuatwa kwa mashua! Tangu lini bibi harusi akaenda kumchukua bwana harusi kama anachukua mtoto shuleni?"

"Tangu kesho," akasema Mvuke, akavaa kofia.

Alhamisi alivuka. Hakutapika, ila kuna mahali katikati boti ilipoinuka ikakaa hewani kidogo, kama mtu anayefikiria, kabla ya kushuka, na hapo Mvuke aliona kwamba Koki hakuwa mjinga.

Nyumba ya wageni ilikuwa nyeupe, ya chini, na mwenyewe ni mama mnene aliyempokea kwa kumkumbatia kabla hajajitambulisha. "Ndiyo wewe! Mumeo mtarajiwa yuko bafuni, chini ya sinki. Usimchukue leo, nakuomba, bado bomba la nyuma." Koki alitoka chini ya sinki kwa kurudi nyuma, kwanza viatu, kisha suruali iliyolowa, mwisho masharubu. Amekonda. Alipomwona na ile kofia kichwani, alisimama bila kujua mikono aiweke wapi.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja kupima," akasema Mvuke. "Naona inavuja."

Mama mwenye nyumba aliwatoa nje wakapunge upepo. Na huko nje, we acha tu, vilikuwepo. Si vile vya kwenye kalenda. Rangi ilikuwa imebabuka, na nyuma yake lilisimama tangi la maji lenye kutu. Lakini vilikuwa viwili, vya mbao, vimetazama bahari. Koki akapangusa kimoja, cha kushoto, kwa kiganja.

"Kaa."

Mvuke alivitazama mpaka akaridhika. Kisha akatikisa kichwa. "Siketi. Hivi ni vya Jumatatu. Nikikaa leo nitakuwa nimeiba." Usiku ule alilala chumba kimoja na mama mwenye nyumba, aliyekoroma kama boti.

Ijumaa asubuhi, gatini, Koki alifika mpaka kwenye ubao wa kupandia akasimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya sabuni ya kipande. Abiria wakampita, mmoja na kuku wake, mwingine na godoro. Mvuke alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, ya kubembeleza na ya kukaripia. Alipoona yale magoti yanavyotetemeka ndani ya suruali, aliyameza yote. Nguo iliyokakamaa haikandamizwi kwa nguvu. Unaipa maji kidogo, unaigeuza.

Akaliteremsha begi la spana kutoka begani mwa Koki, akalitundika begani kwake, akapanda.

"Mvuke! Begi langu!"

"Lifuate!"

Hakuna mtu aliyewahi kulibeba lile begi. Hata aliyekuwa mkewe hakuwahi. Koki alipiga hatua moja, akaapa kitu, akapiga nyingine, na ya tatu ilimkuta ndani. Hapo hapo akaikumbatia nguzo, akafumba macho. Ubao ukavutwa, injini ikanguruma, gati likaanza kurudi nyuma.

"Tumeondoka?" akauliza Koki.

"Bado," alidanganya Mvuke.

Boti ilipoanza kuyumba, jasho la Koki lilitiririka na midomo ikaanza kupauka. Mvuke akaangaza huku na huku. Karibu na choo palikuwa na sinki dogo la kunawia. Akalitazama. Akalitazama begi. Akachukua spana moja, ya kati, akaenda pale kama mtu anayekwenda kunawa uso, akainama.

Nia yake ilikuwa tone. Alitaka lidondoke taratibu, ndo, ndo, ndo, ile sauti ambayo Koki haivumilii hata akiwa usingizini, imtoe kwenye nguzo. Lakini kupiga pasi ni kitu kimoja na nati ni kitu kingine. Alizungusha kushoto, haikwenda, akaongeza nguvu, ikakubali yote kwa mara moja, na maji yakamrukia usoni, yakapiga ukuta, yakaanza kukimbia sakafuni kuelekea kwa abiria.

"Maji!" alipiga kelele mwenye godoro. "Jamani, boti inaingia maji!"

Basi! Watu wakasimama, kuku akaruka, mzee mmoja akaanza kusali kwa sauti, wanawake wawili wakasukumiana jaketi moja la kujiokolea na kila mmoja akimwambia mwenzake achukue yeye. Mvuke ameziba tundu kwa viganja vyote viwili, kofia imelowa imemfunika macho, anaita, "Koki! Koki wee!"

Na Koki akafumbua macho. Alisikia. Katika makelele yale yote, injini na kuku na sala, alisikia sauti ya maji yanayotoka kwenye bomba la nusu inchi, na hiyo ilikuwa lugha yake. Aliiachia nguzo. Alipita katikati ya watu, boti ikipanda na kushuka naye akipanda na kushuka nayo, akapiga magoti, akapeleka mkono chini ya sinki, akapapasa, akafunga kitu. Maji yakakatika.

Akasimama, amelowa, mrefu, mkono mmoja juu.

"Kaeni chini!" alisema kwa sauti ambayo Mvuke hakujua kama anayo. "Haya ni ya kunawa. Haya yana koki."

Njia iliyobaki yote alikuwa chini ya lile sinki. Nati imeharibika meno, wosha imechakaa, na tena, alisema, aliyefunga bomba hili mara ya kwanza alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Mvuke alimshikia spana. Koki alimwambia "ile", akampa. Alimwambia "shika hii", akaipokea. Alipojitoa kule chini akijipangusa masharubu, abiria walikuwa wanateremka.

"Tumefika?" akauliza Koki.

"Bado," alisema Mvuke, na safari hii wote wawili wakacheka.

Walikaa kwenye ukingo wa gati wakijikausha. Koki aliyatazama maji muda mrefu, kisha akasema, bila kumgeukia:

"Nati ile imelegezwa na mtu wa mkono wa kushoto."

"Kumbe."

"Meno yameliwa upande ule."

"Watu wa kushoto wako wengi duniani," akasema Mvuke, akikamua kofia. Kofia ilikuwa imekwisha. Kingo zimelegea kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Alimtazama huyu mwanaume, mashavu yaliyoingia ndani kwa kutapika na siku za kutolala. Akaliona lile neno alilopaswa kulisema. Lilikuwa zito kuliko begi la spana. Akalisema.

"Koki. Twende milimani. Nasikia kuna hewa nzuri. Viti viko kila mahali."

Kwa mbali, Sabuni alikuwa anakuja mbio kutoka barabarani, leso mkononi, na alikuwa ameanza kupiga kelele kabla hajafika: "Bwana harusi! Habari za fungate? Mlilala salama, wewe na wewe mwenyewe?" Nyuma yake, polepole, uso umekunjwa vizuri, dada mtu, na mkononi amebeba gauni la harusi ndani ya mfuko wa dobi, amelishikilia juu lisiguse chini.

"Haiwezekani milimani," akasema Koki.

"Kwa nini?"

"Kile kiti cha upande wa kulia, mguu wake wa nyuma umelegea. Ungekikalia jana kingekuangusha. Inabidi nirudi nikakikaze."

Mvuke alimgeukia. "Siku zote ulizokaa kule! Umetengeneza kila bomba la yule mama, kiti kimoja kikakushinda?"

"Hakikunishinda," akasema Koki, akaliinua begi lake akalitundika begani, kisha akampa mkono ainuke. "Fundi akitaka kurudi mahali, hamalizi kazi yote."